Kushiba, Kukinai na Kichefuchefu: Uhakiki wa Istilahi za Dawa za Kupunguza Hamu ya Kula

Hivi karibuni mwandishi wa makala haya aliletewa karatasi ya maelezo ya dawa yenye kurasa 4, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kutoka lugha ya kigeni, ili aisome na kuisahihisha kabla haijapigwa chapa. Karatasi hiyo ilihusu sindano ambazo watu wenye unene mkubwa hujidunga ili wapungue mwili. Kichwa chake kiliandikwa kwa herufi kubwa: "Punguza uzito bila kuhesabu kalori."

Mfasiri wake alikuwa mtu wa bidii. Sarufi yake ilikuwa safi, upatanisho wa ngeli haukuvunjika mahali popote, na maneno ya kigeni aliyapunguza kadiri alivyoweza. Hata hivyo, baada ya kuisoma karatasi hiyo mara 3, tulishindwa kulijua jambo moja kubwa: mgonjwa akiona chakula kinamchukiza, je, afurahi kwamba dawa inafanya kazi, au aende upesi kwa daktari? Karatasi ilitumia neno moja kwa mambo yote mawili.

Makala haya hayakusudii kumlaumu mfasiri huyo. Makosa mengi yaliyomo katika kazi yake ni yetu sote tunaoshughulika na lugha, kwa kuwa tumeuacha uwanja huu bila istilahi zilizokubaliwa, na kila afasiriye hujiokotea neno lililo karibu. Tumekusudia kuyachunguza maneno hayo moja moja, kuonyesha yanapoteleza, na kutoa mapendekezo ambayo walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wataweza kuyapima.

Dawa zenyewe

Haifai kukata shauri juu ya jina kabla ya kukijua kitu chenyewe. Mtu alapo chakula, utumbo wake hutoa homoni kadhaa. Mojawapo yaitwa GLP-1. Homoni hii huisaidia kongosho kutoa insulini wakati sukari inapopanda katika damu, huchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda utumboni, na huupelekea ubongo habari kwamba mwili umepata chakula. Homoni ya asili haikai sana mwilini; huvunjwa baada ya dakika chache. Wataalamu wa madawa walitengeneza vitu vinavyoiga homoni hiyo, lakini vinavyodumu mwilini kwa muda mrefu zaidi.

Kimojawapo ni semaglutaidi. Nchini Marekani dawa hii iliidhinishwa Desemba 2017 kwa jina la Ozempic kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na Juni 2021 ikaidhinishwa kwa jina la Wegovy kwa ajili ya kupunguza uzito. Hudungwa mara moja kwa wiki. Nyingine ni tirzepataidi, ambayo huiga homoni mbili za utumbo. Hiyo iliidhinishwa huko huko kwa ajili ya kisukari mwaka 2022 na kwa ajili ya uzito mwaka 2023.

Matokeo yake si porojo. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa semaglutaidi walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2023, uliwahusu watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu na uzito uliozidi, lakini wasio na kisukari. Ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 matukio makubwa kama vile mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo kitokanacho na magonjwa hayo. Basi tunazungumzia dawa yenye nguvu ya kweli, na dawa yenye nguvu yahitaji maelezo yasiyo na utata.

Kukata hamu ni kuitimiza

Karatasi yetu iliziita dawa hizi "dawa za kukata hamu ya kula." Jina hili limeenea katika matangazo, na kwa mtazamo wa kwanza halina ila. Lakini tuusikilize mtindo wa lugha. Mtu aliyekunywa maji husema amekata kiu. Aliyetamani embe kwa siku nyingi, kisha akalipata na kulila, husema amekata hamu. Katika semi hizi, kukata ni kuitimiza haja hata ikaisha. Kwa hiyo chakula chenyewe ndicho kikatacho hamu ya kula, na sahani ya pilau ndiyo dawa ya kwanza ya kukata hamu!

Yuko atakayetukumbusha usemi wa kukata tamaa, ambao maana yake ni kuacha kutumaini. Ni kweli, lakini usemi huo hauisaidii karatasi yetu, kwa sababu waleta huzuni na kushindwa. Mtumiaji wa dawa asomaye "kukata hamu" hubaki kati ya maana mbili, moja ya kutosheka na moja ya kuvunjika moyo, na hakuna iliyokusudiwa.

Wengine huandika "kuua hamu" na wengine "kuzuia hamu." La kwanza lapita kiasi, kwani hamu ya kula haifi, nayo hurudi dawa ikiachwa. Wala si vema mgonjwa aambiwe kwamba kitu kilicho uhai kwake kitauawa. La pili ni afadhali, lakini kuzuia ni kukisimamisha kabisa kitu kisipite. Kitendo hasa cha dawa hizi ni kupunguza. Mtumiaji huendelea kuona njaa na huendelea kula. Ila hula kidogo na hutosheka mapema. Kwa hiyo twapendekeza "dawa za kupunguza hamu ya kula", na pale panapohitajika neno moja, kama katika vichwa vya majedwali, "kipunguzahamu", kwa mfano wa kipazasauti na kipimajoto.

Jina hili, hata hivyo, ni la jumla, nalo hukusanya dawa za namna mbalimbali. Mwaka 1997 fenifluramini iliondolewa katika soko la Marekani kwa kuwa ilihusishwa na kuharibika kwa vali za moyo. Mwaka 2010 sibutramini iliondolewa Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa. Nazo pia ziliitwa dawa za kupunguza hamu ya kula, lakini hazikuiga homoni ya utumbo. Zilifanya kazi kwa njia nyingine. Afisa wa afya akiandika jina la jumla tu katika waraka wake, msomaji hatajua kama anaonywa juu ya dawa zilizokwisha kuondolewa au anaelezwa juu ya hizi za sasa. Kwa hiyo pamoja na jina la jumla yafaa liwepo jina la kundi: "dawa ziigazo homoni ya shibe." Ni refu, lakini lajieleza.

Njaa, hamu, uchu na shibe

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu, ila twayachanganya. Njaa ni haja ya mwili: tumbo likiwa tupu na nguvu zikipungua, mtu ana njaa hata kama hapendi kula. Hamu ya kula ni mvuto wa chakula: mtu aweza kuwa na njaa bila hamu, kama ilivyo kwa mgonjwa wa malaria, tena aweza kuwa na hamu bila njaa, kama ilivyo kwa aliyekwisha kula kisha akaletewa haluwa. Uchu ni hamu kali ya kitu maalumu, hasa kitoweo. Karatasi yetu iliandika "njaa" mahali pote, hata palipokusudiwa hamu, ikafika mahali pa kumwambia mgonjwa kwamba "hataona njaa tena." Huko ni kuahidi lisilokuwapo. Kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari pia, maana atumiaye insulini au dawa fulani za vidonge pamoja na sindano hizi aweza kushukiwa na sukari, na njaa ya ghafla ni mojawapo ya dalili za kumtahadharisha.

Upande wa pili wa njaa ni shibe. Hapa lugha yetu imetupatia tofauti nzuri ambayo wafasiri hawaitumii. Wataalamu wa lishe hutofautisha mambo mawili: kufikia mwisho wa mlo kwa kutosheka, na kuendelea kutosheka mpaka mlo ufuatao. La kwanza ni tukio, la pili ni hali. Sisi tunacho kitenzi "kushiba", ambacho ni tukio, na tunalo jina "shibe", ambalo ni hali. Wahenga walitumia jina, wala si kitenzi, waliposema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Walikuwa wakizungumzia hali inayomtawala mtu, na hali ndiyo ambayo homoni hizi huigusa. Basi tuandike kwamba dawa humfanya mtu "ashibe mapema" na kwamba "hurefusha shibe." Hapahitajiki neno jipya hata moja.

Karatasi ilikuwa pia na sehemu iliyoahidi kwamba dawa "itanyamazisha kelele za chakula." Wazungumzaji wa Kiingereza hivi sasa husema hivyo kwa kuzifananisha na kelele fikra za chakula zisizomtoka mtu kichwani tangu asubuhi hata usiku. Kwao mfano huo waeleweka. Kwetu, kelele za chakula ni za masufuria jikoni, za mtu atafunaye kinywa wazi, au za watoto wakigombea ukoko. Tunao usemi wa kawaida: mtu "huwaza chakula" au "wazo la chakula halimtoki." Mfasiri aiache picha ya kigeni, achukue maana.

Neno lililotuleta hapa

Sasa tuje kwenye neno lililoleta tatizo kubwa. Katika ukurasa wa 1 karatasi ilisema: "Dawa hii itakufanya ukinai chakula." Katika ukurasa wa 3, chini ya orodha ya madhara, iliandikwa: "Kukinai, kutapika, kuharisha, kufunga choo." Ikaendelea kusema kwamba dalili hizi zikizidi, mgonjwa amwone daktari.

Kukinai ni kitenzi chenye matawi. Tawi la kwanza ni la sifa njema: mtu aliyekinai ni aliyeridhika na alichonacho, asiyetamani cha mwenziwe. Tawi la pili ni la kutosheka na kitu hata hukitaki tena: aliyekula wali wa nazi siku 7 mfululizo husema wali umemkinaisha. Tawi la tatu, ambalo limechipuka kutokana na la pili, ni la kuchukizwa na chakula, hata moyo ukachafuka kwa kukiona tu. Mfasiri alitumia tawi la kwanza na la pili katika ukurasa wa 1, akatumia tawi la tatu katika ukurasa wa 3. Kichwani mwake maana zilikuwa mbali, lakini karatasini neno ni moja.

Tulifanya jaribio dogo. Mwandishi alimsomea karatasi hiyo shangazi yake, ambaye ana kisukari kwa miaka mingi na ni msomaji mzuri wa magazeti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, kukinai ndiyo dawa au ndiyo ugonjwa? Nikikinai nishukuru au nilie?" Mwandishi hakuwa na la kumjibu. Shangazi akaongeza kwamba, kwa jinsi alivyoelewa, atakayetapika zaidi ndiye atakayepungua zaidi, na kwa hiyo yeye angevumilia.

Uvumilivu huo ndio wa kuogopwa. Kichefuchefu ni athari ya kawaida ya dawa hizi, hasa mwanzoni na dozi inapopandishwa, na kwa watu wengi hupungua baada ya muda. Lakini mtu atapikaye au kuharisha mfululizo hupoteza maji mwilini, na kupotea kwa maji kwaweza kuumiza figo. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, yakiambatana na kutapika au bila kutapika, yaweza kuwa dalili ya kuvimba kongosho. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba kukinai ndilo lengo atayahesabu hayo yote kuwa maendeleo.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kwamba neno "kukinai", pamoja na uzuri wake wote katika fasihi na katika mazungumzo, lisitumike kabisa katika maelezo ya dawa hizi, kwa maana yoyote. Lengo lielezwe kwa "kushiba mapema" na "kupungua kwa hamu ya kula." Athari ielezwe kwa "kichefuchefu", neno linalojulikana bara na pwani. "Kigegezi" ni neno zuri pia, lakini wengi wa bara hawalijui, na karatasi ya dawa si mahali pa kuwafundisha msamiati.

Kuhesabu kalori

Kichwa cha karatasi kilijisifu kwamba hapana haja ya kuhesabu kalori. Hapa tuna maswali mawili, la lugha na la ukweli.

Kuhusu lugha, neno kalori limekwisha kuingia, wala hapana sababu ya kulifukuza. Tatizo ni kipimo chake. Kalori ya wanafizikia ni joto litoshalo kupandisha gramu 1 ya maji kwa digrii 1 ya sentigredi. Kalori itajwayo katika mambo ya chakula ni 1,000 za hizo, yaani kilokalori, na alama yake ni kcal. Kilokalori 1 ni sawa na kilojuli 4.184. Karatasi yetu iliandika "kalori 500" mahali pamoja na "kilokalori 500" mahali pengine kwa kiasi kile kile. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefundishwa fizikia vizuri atasema kwamba moja ni kubwa mara 1,000 kuliko nyingine, naye hatakuwa amekosea. Katika maandishi rasmi tuandike "kilokalori" daima, na "kalori" tuliachie mazungumzo.

Tena kitenzi "kuhesabu" kina uzito wake kwetu. Huhesabiwa watu, fedha, mifugo na siku. Kumhesabia mtu matonge ni uchoyo na aibu kubwa. Wenzetu wa Marekani walianza kuzoeshwa hesabu ya chakula tangu mwaka 1918, daktari Lulu Hunt Peters alipotoa kitabu chake kuhusu jambo hilo, nao hula kila mtu na sahani yake. Kwetu, watu wanne walao katika sinia moja, hesabu hiyo yaanzia wapi? Kwa hiyo mtu aambiwapo "bila kuhesabu kalori", huambiwa aache jambo ambalo hajawahi kulifanya, na maana inayobaki akilini mwake ni "kula upendavyo." Neno "kukadiria" lingefaa zaidi: "bila kukadiria nishati ya kila mlo."

Kuhusu ukweli, jambo ni zito zaidi. Katika utafiti ule wa mwaka 2021 tulioutaja, washiriki wote, waliopata dawa na wasioipata, walishauriwa mara kwa mara wapunguze kilokalori 500 kwa siku na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki, tena waliandika kila siku walichokula na mazoezi waliyofanya. Basi asilimia 14.9 haikupatikana kwa watu walioambiwa wasijali walacho. Ni kweli kwamba wengi watumiao dawa hizi hula kidogo bila kujilazimisha, na huo ni unafuu mkubwa kwa mtu aliyepigana na njaa maisha yake yote. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2025 wazungumzia dawa pamoja na ulaji bora na mazoezi, wala si dawa badala yake. Mtu alaye kidogo anahitaji kuangalia zaidi alichokila, kwa sababu pamoja na mafuta mwili hupoteza misuli pia. Kichwa kisemacho "bila kuhesabu" kimefasiriwa barabara kutoka katika tangazo. Lakini tangazo si maelezo ya dawa, na mfasiri ana haki ya kumwuliza aliyemtuma kama anajua tofauti hiyo.

Tena karatasi haikusema kwamba uzito hurudi. Baadhi ya washiriki wa utafiti huo walifuatiliwa kwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa na ushauri, na walirudisha kiasi cha theluthi mbili za uzito waliokuwa wameupoteza. Neno "tiba", ambalo karatasi ilitumia mara nyingi, kwa wasomaji wengi ni jambo lenye mwisho: umetibiwa, umepona. Hapa lifaalo ni "matumizi ya muda mrefu", kama tusemavyo juu ya dawa za shinikizo la damu.

Uzito, mwili na kukonda

Karatasi ilimwambia mgonjwa kwamba "atakonda." Tafadhali tusimwambie hivyo. Kukonda kwa Kiswahili kuna harufu ya maradhi na dhiki. Aliyekonda huulizwa anaumwa nini, au nyumbani kuna nini. Tangu miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia, neno hilo lilizidi kutisha. Wananchi wenyewe wamekwisha kupata usemi wa adabu: mtu "amepunguza mwili" au "amepungua." Tuuchukue.

Kuhusu unene uliofikia kuwa ugonjwa, maandishi ya afya nchini Tanzania yameeneza neno "kiribatumbo." Ni fupi na ni la Kiswahili halisi, na hizo ni sifa mbili kubwa za istilahi. Lakini linamfananisha mgonjwa na kiriba cha maji, na tena lataja tumbo tu, ilhali kipimo kitumikacho ni uzito wa mwili wote ukilinganishwa na urefu: 25 na zaidi huitwa uzito uliozidi, 30 na zaidi ndio unene huu. Hatupendekezi lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika takwimu. Twapendekeza kwamba katika karatasi asomayo mgonjwa mwenyewe liandikwe "unene uliokithiri." Mtu asichekwe na dawa yake.

Athari na vipimo

Kwa athari zisizokusudiwa, karatasi ilichanganya "madhara", "athari za pembeni" na "maudhi madogo madogo." La mwisho twalijua kutoka katika huduma za uzazi wa mpango, nalo lafaa kwa kichefuchefu chepesi. Halifai kwa kuvimba kongosho au mawe katika mfuko wa nyongo. "Athari za pembeni" ni tafsiri ya neno kwa neno. Pembeni mwa nini? Twapendekeza "athari zisizokusudiwa" liwe jina la jumla, nazo zigawanywe mara mbili: "maudhi", ambayo mgonjwa ataweza kuyavumilia, na "dalili za hatari", ambazo zitamfanya aende hospitali siku hiyo hiyo.

La mwisho ni vipimo. Semaglutaidi ya kupunguza uzito huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki, ikapandishwa hatua kwa hatua baada ya kila wiki 4, hata kufikia miligramu 2.4. Karatasi yetu iliandika "kipimo" kwa maana ya dozi, kwa maana ya sindano yenyewe, na kwa maana ya uchunguzi wa damu. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu wanaovuta wenyewe dawa hii kutoka chupani kwa bomba la sindano: baadhi yao walichanganya miligramu, mililita na yuniti, wakajidunga mara 5 hadi 20 ya kiasi walichopaswa. Ikiwa waliokosea huko ni watu waliosoma maelezo katika lugha yao wenyewe, sisi tujihadhari mara mbili. "Dozi" liwe kiasi cha dawa, "kipimo" liwe uchunguzi, na miligramu, mililita na yuniti yaandikwe kwa ukamilifu, bila kufupishwa.

Mapendekezo kwa ufupi

1. Dawa hizi kwa jumla: dawa za kupunguza hamu ya kula, kipunguzahamu. Kundi la sasa: dawa ziigazo homoni ya shibe.
2. Njaa: haja ya mwili. Hamu ya kula: mvuto wa chakula. Uchu: hamu kali ya chakula maalumu.
3. Kushiba: kutosheka mwishoni mwa mlo. Shibe: kuendelea kutosheka.
4. Kichefuchefu: hali ya kutaka kutapika. Kukinai lisitumike.
5. Kilokalori katika maandishi rasmi. Kukadiria badala ya kuhesabu.
6. Kupunguza mwili, si kukonda; unene uliokithiri kwa mgonjwa, kiribatumbo kwa takwimu.
7. Athari zisizokusudiwa: maudhi na dalili za hatari.
8. Dozi kwa kiasi cha dawa. Kipimo kwa uchunguzi.

Karatasi ile tuliirudisha na masahihisho yake. Kichwa kimebadilishwa, na neno kukinai limeondolewa mahali pote pawili. Shangazi alisomewa tena, akasema safari hii amejua lini avumilie na lini aondoke nyumbani. Hatudai kwamba mapendekezo yetu ndiyo mwisho. Yawezekana wasomaji wa Pemba, Mombasa, Kigoma au Bujumbura wana maneno bora kuliko haya, hasa kwa hali ya kichefuchefu na ya kutosheka. Tunawaomba wayalete katika Baraza, wakitaja mahali yanapotumika na namna yanavyotumika katika sentensi, ili orodha kamili itayarishwe kabla karatasi nyingine hazijapigwa chapa.